Sufuria ya Rispa Ilivyorudi Tanuruni

Tarehe nne Septemba mwaka jana nilipoteza sufuria ya mke wangu. Mke wangu mwenyewe, Rispa, nilikuwa nimempoteza Februari ya mwaka huohuo, na watu wengi walikuja kunipa pole. Kwa sufuria hakuja mtu, wala sikutarajia aje. Lakini nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuyeyusha alumini mkipita hapa kwangu Migori mnaniuliza jinsi ya kuchagua vyuma na kutengeneza sufuria za kambi, na kila nikianza kuwajibu najikuta nimefika kwenye sufuria hiyo, nanyamaza. Basi nimeona niandike yote pamoja, ya kazi na ya kwangu. Mtachukua mnayohitaji.

Sufuria ya jikoni inakaa mahali pamoja na moto wake ni mpole. Ya kambi inabebwa, inakalia mawe matatu yasiyolingana, upepo unasukuma moto upande mmoja, na jioni inasuguliwa kwa mchanga. Wateja wangu walikuwa wachimba dhahabu wa Macalder, wanaolala chini ya maturubai karibu na mashimo yao. Wavuvi wanaohamahama ufuoni. Na sisi Waadventista, ambao kila mwaka tunaacha nyumba zetu tukakae kwenye mahema karibu juma zima, tukisali na kupika pamoja. Hayo tunayaita makambi. Mchimba dhahabu anataka kitu chepesi, kwa sababu akisikia kuna mwamba mzuri kwingine anahama siku hiyohiyo. Yeye unamtengenezea sufuria ndogo inayoingia ndani ya kubwa, na mfuniko ambao ukiugeuza unakuwa kikaango. Mama wa makambi hataki wepesi. Anataka sufuria yenye kitako kinene, isiyounguza wali wa watu mia huku yeye akiimba kwaya.

Kazi nilifundishwa na mzee Marwa, Mkuria wa Kegonga aliyeshuka Migori akaweka tanuru lake karibu na mto. Mimi ni Mjaluo. Tuliongea Kiswahili, chake kikiwa kibovu na changu kibovu zaidi, na kwa lugha hiyo ya kuokoteza tulielewana miaka mingi kuliko ndugu wengi wanavyoelewana.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Odhiambo, shule ulifika wapi?"

"Darasa la saba, mzee."

"Ni mingi. Iweke pale nje na viatu. Hapa tunasoma na masikio."

Akaokota kipande cha injini akakiangusha juu ya jiwe. Kililia kwa sauti ndefu. Akaokota kabureta, ambayo ukiitazama utaapa ni alumini, akaiangusha. Ilitoa mlio mfupi ikanyamaza. "Huyu aliyeitika ni wetu," alisema. "Huyu aliyenuna ni zinki. Ukimweka ndani, sufuria itapasuka mama akiwa anakoroga ugali, na jina litakalotajwa ni langu, si lako."

Ndivyo nilivyoanza, nikiangusha vitu juu ya jiwe mchana kutwa. Kwanza unapitisha sumaku, kinachoshikwa kinaenda kando. Halafu unapima kwa mkono: kikiwa kizito kuliko ukubwa wake, shuku. Halafu jiwe. Halafu unakwaruza kwa tupa uone rangi ya ndani, kwa sababu nje kila kitu huvaa rangi. Pistoni na vichwa vya injini za malori ndiyo chakula bora cha tanuru, vinayeyuka vizuri na kujaza kalibu ya mchanga hadi kwenye kona. Nyaya za umeme ni safi lakini ni laini, na uji wake ni mvivu wa kutembea. Makopo ya soda yatakupa mavi ya chuma mengi na alumini kidogo. Shokamzoba ya gari usiitie kamwe ikiwa imefungwa, italipuka. Na kitu chenye maji, hata umande tu, usikitie kwenye chuma kilichoyeyuka. Mimi nina alama shingoni ya funzo hilo. Marwa alinipaka asali, akaniuliza kama bado nataka kazi au nataka kurudi kwa mama.

Risasi, yale madini mazito, ndiyo inayonisumbua hadi leo. Vichwa vya betri, vile vipande vya kusawazishia magurudumu, rangi za zamani. Tulikuwa tunavitoa vikionekana, kwa kuwa Marwa alisema vinafanya sufuria iwe dhaifu. Kwamba vinaingia kwenye chakula na vinadhuru watoto, hilo tulilisikia baadaye sana. Na hata ukichagua vizuri namna gani, macho hayaoni risasi iliyojificha ndani ya chuma kingine. Siku hizi wapo wanaoweza kupima. Mkipata nafasi, mpeleke kipande. Na mwambieni mteja asiache mchuzi wa nyanya au wa ndimu ulale ndani ya sufuria. Sina zaidi ya hayo, na ninyi msidanganye watu kwamba mna zaidi.

Kuna sufuria nyingine ambazo Marwa hakuzitaka kabisa, za kutoka kwenye mashimo ya dhahabu. Mchimbaji mmoja wa Macalder alituletea moja, imepondeka kidogo tu.

"Hii ilipika nini?" Marwa akamuuliza.

"Ugali."

"Na kabla ya ugali?"

Yule kijana akacheka. "Mzee, si chuma ni chuma? Unataka historia ya nini?"

Marwa akaigeuza kwenye mwanga. Ndani, karibu na kitako, palikuwa pameota kitu cheupe kama manyoya, kama ukungu wa mkate uliosahauliwa. Akakipangusa kwa kijiti, na alumini chini yake ilikuwa imelika. "Ugali wako umeota ndevu," akamwambia. "Mlichomea dhahabu humu."

Wale ambao hamjaona: mchimbaji hukamata dhahabu yake kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki iondoke, na wengine huchomea kwenye chochote kilicho karibu. Zebaki inakula alumini, na moshi wake unakula mtu. Marwa aliikataa sufuria ile, na akamwomba yule kijana kabisa, si kwa mzaha tena, asiipikie. Kijana akachukia. Akavuka barabara akaiuza kwa tanuru la jirani, na sisi tukamwona. Sijui ilikuja kuwa sufuria ya nani.

Marwa alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Sufuria ikiletwa nzima, hata kama imetoboka, haikuvunjwa mara moja. Aliitundika kwenye ua wa miti nje ya banda, na huko ilikaa siku kadhaa ikipigwa na jua. Nikamuuliza kwa nini tunafuga sufuria kama kuku.

"Chuma cha gari hakina mwenyewe," alisema. "Sufuria ina mwenyewe. Labda aliyeileta siye."

Na kweli walikuwa wakija. Namkumbuka mama mmoja aliyefika akiwa amejifunga leso kiunoni tayari kwa vita. Akapita uani akigonga sufuria moja moja kwa kidole, akafika kwenye yake akaikumbatia.

"Nani amekuuzia hii?"

"Mwanaume mrefu, ana kofia nyekundu," nikamjibu.

"Huyo si mwanaume, huyo ni mume wangu! Amekunywa sufuria ya mama yangu! Kesho atakuja kuniuza mimi, mnitundike hapa!"

Marwa akamwambia, "Wewe hatuwezi kukutundika, mama, ua wetu ni mwepesi." Mama akataka kukasirika, ikamshinda, akacheka hadi akakaa chini. Akarudi na sufuria yake, na kesho yake akatuletea rimu iliyopinda ili tusipate hasara.

Marwa alipozeeka na kurudi Kegonga, banda likabaki kwangu, na ua nikaendelea nao. Wengine waliona nachelewesha mali. Rispa peke yake ndiye aliyekuwa akiusifu, akisema banda langu ndilo pekee Migori lenye maua.

Sasa nifike kwake.

Sufuria ya kwanza niliyomtengenezea Rispa ilikuwa aibu. Tulikuwa tumeoana karibuni na yeye alikuwa amechaguliwa kupika kwenye makambi. Nikataka kujionyesha. Nilikuwa nimepata nyaya nyingi nzuri zinazong'aa, nikadhani chuma safi hutoa sufuria safi. Kwa kuwa uji wa nyaya hautembei vizuri, nikauchochea moto kupita kiasi, na kwa kuwa nilitaka sufuria ipendeze, nikaifanya nyembamba. Ilitoka nyeupe kama kioo. Asubuhi ya Sabato uji ukaungua kitako chote, kanisa zima likanywa moshi. Mzee wa kanisa akasimama kutoa matangazo, akasema, "Na tumshukuru ndugu Odhiambo, leo tumefukizwa kama hekaluni." Watu walicheka hadi watoto wakaamka.

Rispa hakucheka. Jioni aliiweka ile sufuria mbele yangu. "Baba, mimi sikuomba kioo. Niliomba sufuria."

"Nitatengeneza nyingine."

"Utatengeneza nikiwa nimesimama hapo. Wewe unajua chuma, mimi najua moto."

Na kweli alisimama. Tulichukua pistoni za lori lililokuwa limelala kwenye gereji moja mjini, tukazivunja, tukazichemsha kwa maji na jivu kutoa grisi, tukazianika. Mchanga wa mto wa kutengenezea kalibu nilichekecha mara mbili, nikaulowesha kiasi kwamba ukiufinya unabaki na alama za vidole, na ukiuvunja unakatika bila kumong'onyoka. Rispa akauliza kitako kina unene gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Akanisogeza vidole. "Hapo." Nikamwambia itakuwa nzito. "Kwani utaibeba wewe?" Akadai masikio mawili makubwa, ya kupitisha mti, ili wanawake wawili waiinue bila kushika moto. Akadai mfuniko wenye ukingo, uwekewe makaa juu wakati wa wali. Hayo yote sikuwa nimeyafikiria. Kuanzia siku hiyo kila sufuria ya makambi iliyotoka kwenye banda langu ilikuwa na kitako cha Rispa na masikio ya Rispa, na wateja walinisifu mimi.

Hiyo sufuria ilipika kila makambi tangu binti yetu Awino akiwa ananyonya. Ilipika matanga, harusi, na ugali wa wageni wa kila aina. Wanawake wa kanisa waliizoea hadi wakaipa jina lake. "Nendeni mkamlete Rispa," walikuwa wakiambiana, na yeye mwenyewe yupo hapo anamenya viazi, anasema, "Rispa gani? Mimi au mnene?"

Niliacha kazi kifua kilipoanza kulalamika kwa ajili ya moshi. Nilifikiri nimeacha nikiwa na miaka mingi ya kukaa naye tu. Alianguka Februari akitoka bombani. Hospitali walisema ni presha. Hakusema neno tena, na siku ya tatu akaondoka.

Kwetu, maziko yakipita na siku zake zikiisha, ndugu hukaa wakagawana vitu vya marehemu. Kwa Dholuo tunasema keyo nyinyo, kugawa chuma. Sisi wa kanisa tumepunguza mengi ya zamani, lakini hilo tumebaki nalo kwa sababu ni la upendo. Kila mtu anaondoka na kitu alichokigusa marehemu. Shangazi alikuwa akiinua kitu na kukitaja, na aliyekitaka anaitika. Awino alichukua Biblia na shuka. Kisha shangazi akasema, "Sufuria ya makambi," na hakuiinua, aliigonga tu kwa mguu, kwa sababu haikuinuliwa na mtu mmoja.

Mume haombi vitu vya jikoni vya mkewe. Hakuna aliyeandika hivyo mahali, ni aibu tu. Watu watasema huyu anataka kuoa mwingine amkabidhi. Niliona Pamela, dada mdogo wa Rispa aliyeolewa Asumbi, ameinua mkono huku analia. Nikafungua mdomo. Watu wote wakanigeukia. Nikaomba maji ya kunywa.

Basi ikaenda Asumbi.

Agosti wanawake wa kanisa wakaja, wakiongozwa na Mama Siprosa, ambaye alipika na Rispa miaka yote. "Baba Awino, tumekuja kumchukua Rispa," akasema, kisha akasikia alichokisema akashika mdomo.

Nikawaambia ilichukuliwa na Pamela.

"Asumbi? Kwa Wakatoliki?" akasema mmoja nyuma. "Basi hiyo imebatizwa upya."

Tulicheka sote kidogo. Walikodi sufuria mjini, nyembamba zile za kupigwa na mashine, na kwenye makambi wali ukaungua siku mbili mfululizo. Niliukula wote. Mama Siprosa akaja akakaa kando yangu na sahani yake. "Kwani ulishindwa kusema hii ibaki? Si tungekuelewa?" Nilirudi nyumbani nimeamua. Nitaenda Asumbi, nitamwomba Pamela tubadilishane. Nilinunua sufuria mpya za kupandana, nzuri kwa jiko la gesi, kwa maana najua ana gesi. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno kama mtu anayekwenda kuposa.

Pamela alinipokea kwa chai na pole nyingi za msiba, akanionyesha picha zao za utotoni. Nilipotoa sufuria mpya na kusema nilichojia, akaweka kikombe chini.

"Shemeji. Ile sufuria?"

"Ile."

"Shemeji, ungesema."

Akaanza kulia. Haikuingia kwenye jiko lake, alieleza. Watoto hawakuweza kuinua. Ilikaa nje ikawa ya kunyweshea ng'ombe, na yeye akaona ni dharau sufuria ya dada yake kunywesha ng'ombe. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na baiskeli, akaona ni heri ampe abadilishiwe mbili nyepesi, apikie watoto kila siku akimkumbuka dada yake. Akanionyesha hizo mbili. Zilikuwa safi, zimesuguliwa vizuri. Sikuwa na neno la kumlaumu. Hata mimi ningekuwa fundi aliyeletewa sufuria hiyo, ningesema mama huyu amefanya la busara.

"Lini?"

"Juzi tu. Ungesema pale nyumbani! Mkono wangu niliuinua kwa sababu hakuna mwingine aliyeinua. Nilidhani hakuna anayeitaka, nikaona aibu kwa ajili ya dada yangu."

Akampigia simu yule wa baiskeli. Alisema amekwisha kuipeleka Homa Bay, kwa kijana anayeitwa Brayo mwenye tanuru upande wa chini wa soko. Pamela akataka twende pamoja. Nikamwambia abaki na watoto. Nilikuwa na haraka, na mtu anayelia ukiwa na haraka anakuzuia.

Brayo ni kijana wa kama miaka thelathini. Tanuru lake linapulizwa na feni ya stima na kunywa mafuta machafu ya injini, linanguruma kama lori linalopanda mlima. Ilibidi tusogee kando ili tusikizane.

"Karibu, mzee. Unauza ama unabuy?"

"Natafuta sufuria. Kubwa, masikio mawili, kitako kinene. Ililetwa jana au juzi."

"Aa, ile ya kina Nuhu!" Akacheka. "Mzee, hiyo imenitoa jasho. Nyundo inaruka tu. Nani alitengeneza kitu kama hiyo?"

"Ilivunjwa?"

Hapo akanitazama vizuri, akaacha kucheka. "Ilikuwa yako?"

"Ya mke wangu."

"Yuko?"

"Alifariki."

Akazima muziki wa simu yake. Akanipeleka kwenye tanuru, akaonyesha kwa koleo. Chungu cha kuyeyushia kilikuwa kimejaa zaidi ya nusu na juu pana ngozi ya kijivu. Chini, kando ya tanuru, vilibaki vipande vitatu. Kimoja kilikuwa sikio.

Nilikiokota. Ndani ya tundu kulikuwa laini sana mahali mti ulipokuwa ukipita.

"Nikizima saa hii?" Brayo akauliza.

"Ukizima itaganda kwenye chungu, upoteze chungu. Haitarudi."

"Hapa hatuwekangi, mzee. Ikifika inavunjwa. Nafasi ni ndogo." Hakusema kwa ubishi. Ua wake ulikuwa mabati na nyuma yake ukuta wa jirani, na sufuria hata moja isingepata pa kuning'inia.

Nikamuuliza kama naweza kuangalia anachokusudia kuongezea. Akasema angalia tu. Nikapiga magoti kwenye lundo lake. Pale Homa Bay mawe hayakosekani, nikapata moja, nikaanza kuangusha kitu kimoja kimoja. Nilitegemea kukuta ovyo, lakini kijana anajua kazi. Risasi alikuwa ameitenga kwenye kopo lake. Vipande vya kutia kwanza alikuwa amevipanga juu ya mfuniko wa tanuru vikauke kwa joto lake, njia ambayo mimi sikuwahi kuifikiria. Sisi tulitegemea jua. Nilitoa kabureta moja tu.

"Hiyo nilikuwa nimeitoa, imerudi yenyewe," akasema.

"Huwa zinafanya hivyo."

Nikatoa pia fremu ya dirisha iliyopakwa rangi, na nyaya. Akaniuliza nyaya zina ubaya gani. Nikamwambia hazina ubaya, ila mke wangu hakuzipenda. Akaziweka kando bila kuuliza zaidi. Nikachagua pistoni, nikazipanga zile zilizolia vizuri, na nikawa naona haya kwa jinsi nilivyokuwa makini, kama mtu anayechagua wa kukaa na mgonjwa wake. Nilichokuwa nimekuja kukifanya kilishindikana. Hicho ndicho kilichobaki cha kufanya.

Sikio lilikuwa bado mkononi. Brayo alisimama na koleo, hakuniharakisha. Nadhani ningeomba angenipa niende nalo. Lakini nimeishi na vyuma maisha yangu yote, na kipande cha sufuria si sufuria. Nililiweka juu ya mfuniko likauke, na lilipokauka akalisukuma ndani.

Zilitoka sufuria tatu za kambi, mbili ndogo na moja kubwa, za mama mmoja anayepikia wavuvi ufuoni, ambaye alikuwa ameagiza. Brayo alizivunjia mchanga, akazipangusa, akazipanga mbele yangu. Zilijaa vizuri. Masikio yalikuwa madogo kwa kipimo cha nyumbani kwangu, lakini ni masikio.

"Chagua moja, mzee. Mama nitamwambia angoje nimwage nyingine kesho."

Nilizitazama zote tatu. Nilizigonga. Zililia sawa, kwa sababu ni chuma kilekile kilichochanganyika na pistoni za watu nisiowajua, na hakuna mkono wala sikio linaloweza kusema Rispa yuko wapi humo. Nikichukua moja naziacha mbili. Nikamwambia ampe mwenyewe.

Yule mama akafika na pikipiki. Aligonga vitako, akatazama kama kuna vitundu kwenye mwanga, akalalamika kwamba ni nzito, akaambiwa ndivyo alivyotaka.

Nikamwambia, "Mama, usipike samaki leo. Kwanza chemsha uji wa muhogo humo, uache upoe, umwage. Ndiyo upike."

"Kwa nini?"

"Mke wangu alikuwa akifanya hivyo na sufuria mpya. Haitachafua chakula kwa weusi."

"Yeye ndiye fundi?"

Nikamwambia ndiyo.

Akanishukuru, akasema atafanya hivyo. Mwenye pikipiki alikuwa akifunga zile mbili kwa mpira, na ile kubwa ilihitaji mtu wa pili. Nikashika sikio la upande wangu, tukainua. Ilikuwa bado na joto. Tukaiweka juu ya zile nyingine, akaifunga, wakaondoka kuelekea ziwani.